Chuo ndiyo, grinihausi hapana

*"Mwanangu wa pili alimaliza kidato cha nne akapata C. Amepata nafasi ya diploma ya kilimo na ameifurahia, lakini babake amekataa katakata. Asema hakuuza ng'ombe wawili alipe karo ili mtoto arudi kushika jembe, na kama ni jembe angemwachia tangu darasa la nne. Yeye ataka asomee udereva wa mitambo, au aende Mombasa atafute kazi bandarini. Kijana naye asema kilimo cha sasa si cha jembe. Ameona kwenye simu vijana wa Kiambu na grinihausi zao na mipira ya dripu, na ameshapata mtu wa kutuuzia grinihausi ya mita 8 kwa 15 kwa shilingi 280,000. Tuna ekari moja na nusu ya nyanya yake upande wa Mambrui, na kisima kipo. Akiba yangu ya chama inakaribia pesa hizo. Majirani nao wanitia hofu: wasema mbegu za madukani ni GMO, zinaua ardhi, na anayekula mazao yake hazai. Nimruhusu aende chuo? Nimjengee grinihausi? Na haya ya mbegu ni kweli?"*

Mama, salaam. Umeyafunga maswali matatu kwenye pembe moja ya leso, na nadhani ndiyo sababu fundo limekuwa gumu kufunguka hapo nyumbani. Nitoe rai yangu kwanza, kisha nieleze. Chuo, mwache aende. Grinihausi, hapana: si kwa akiba ya chama, na si kwenye shamba ambalo maji yake hayajapimwa. Kuhusu mbegu, majirani wamekosea sehemu kubwa, ila wanacho kipande cha ukweli ambacho wauzaji hawapendi kukitaja.

Nimefanya kazi ya ushauri wa kilimo kati ya Malindi na Magarini kwa miaka mingi. Mimi ni mwanamke, lakini wazee wa huko hadi leo huniita bwana shamba, nami niliacha kuwasahihisha zamani. Nalitaja hili kwa sababu maneno ya baba watoto si mageni kwangu. Nimeyasikia chini ya miembe mingi, mara nyingi na watu wenye akili zao timamu.

Basi tuanze naye. Anaposema "jembe" hazungumzii chombo. Karne ya 19 Malindi ilikuwa ghala la nafaka. Mtama na ufuta wake ulisafirishwa kwa majahazi, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria hapa Kenya mwaka 1907, lakini ile dhana kwamba mwenye kushika jembe ni mtu asiye na lake ilibaki majumbani. Shuleni tukaitia muhuri. Mtoto akichelewa, akipiga kelele darasani, akikosa kufanya hesabu, adhabu yake ni kulimishwa kipande nyuma ya vyoo. Mtu aliyelimishwa kwa makosa miaka minane utamwambiaje kwamba kulima ni taaluma? Vyama vya kilimo vya wanafunzi, vya 4K, vilifufuliwa shuleni mwaka 2021, na natumaini vitasaidia, ingawa mwalimu wa zamu bado anajua jembe la adhabu liko wapi.

Halafu kama amekulia upande huo wa Mambrui, kuna jambo jingine aliloliona au alilosimuliwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, serikali ya Kenya na ya Australia ziliendesha mradi mkubwa wa makazi na kilimo hapo Magarini. Vichaka vilisafishwa, familia zikagawiwa viwanja, wataalamu wakaja na kilimo cha nchi kavu walichokijua kwao. Maji yakawa donda ndugu, mchanga ulioachwa wazi ukachoka, na Waaustralia wakaondoka mwisho wa miaka ya 1980 kabla ya ahadi nyingi kutimia. Miaka ya karibuni ukaja mradi wa mahindi ya umwagiliaji wa Galana-Kulalu na shamba lake la mfano la ekari 10,000 lililoanza mwaka 2014. Watu wakangoja unga wa bei nafuu, na wengine bado wanangoja. Aliyeyaona hayo mawili akisikia "kilimo cha kisasa" hushika mfuko wake. Mimi pia hushika wangu.

Kwa hiyo usimwambie mumeo kwamba amepitwa na wakati. Hofu yake ina ushahidi. Anapokosea ni pale anapodhani diploma ya kilimo inamrudisha mtoto kule alikotoka.

Mwulize taratibu, siku ametulia: pampu ya sola ikifa pale Gongoni, nani huitengeneza? Mara nyingi fundi hutoka Mombasa, na nauli yake hulipwa na mwenye shamba. Nani huchora mpango wa mabomba ili maji yafike mwisho wa mstari kwa nguvu ileile? Nani hubebesha miche ya maembe inayouzwa kando ya barabara? Na huko bandarini anakotaka kijana aende, shehena ya nafaka au mbegu ikishuka haitoki mpaka wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS waiangalie. Wale ni watu wa kilimo, na mikono yao ni safi kuliko yangu. Chukua na maembe yetu: mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuyapeleka soko la Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarudi mwaka 2021. Kurudi kule kulitaka watu wa kutundika mitego, kuhesabu nzi, kuandika, na kuwafundisha wakulima kuzika matunda yaliyoanguka. Hiyo ndiyo kazi ya diploma. Hata udereva wa mitambo anaoutaka mzee una mlango hapa: trekta ni mtambo, na mtu anayejua kina cha kulima kwenye mchanga wetu ni adimu kuliko anayejua kushika usukani tu.

Sitakuficha upande wa pili. Tangu mwaka 2013 kilimo kiko chini ya kaunti, na nafasi za kaunti ni chache, foleni yake ndefu, nyingine za mkataba. Akienda chuo akiota dawati la serikali na pensheni, mwambieni mapema abadilishe ndoto. Wanaofaulu ninaowajua wana kazi mbili tatu zilizoshikana: huyu ana kitalu cha miche na anapima maji ya watu, yule anauza agroveti na anafunga dripu mwishoni mwa wiki. Ni maisha ya kuhangaika, hasa miaka miwili ya kwanza.

Alama zake zinamtosha kabisa kwa diploma. Akitaka digrii baadaye, njia ipo, na si lazima aende mbali: Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilianza kama taasisi ya kilimo kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na baba watoto huenda anakikumbuka kwa jina lake la zamani. Ila kabla ya kulipa hata shilingi ya karo, mwache kijana apige simu chuoni aulize maswali mawili. Wanafunzi hushinda shambani siku ngapi kwa wiki? Na mazoezi ya kazini hutafutiwa na chuo, au kila mtu hujitafutia? Chuo kinachofundisha umwagiliaji ubaoni bila hata valvu moja ya kushika, hicho akiruke.

Sasa nizungumze na kijana, kwa sababu naye amekosea, na kosa lake ndilo ghali.

Grinihausi ilibuniwa kumzuilia mmea joto mahali penye baridi. Kiambu, Kinangop, Naivasha, usiku hushuka hadi mtu anatafuta blanketi, kwa hiyo plastiki ile inafanya kazi ya blanketi. Malindi tunatafuta nini na blanketi? Tungule (kwetu nyanya ni mzaa mama, kwa hiyo niruhusu niite tungule) haogopi jua, ila ua lake ni dhaifu. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi, na usiku usiposhuka chini ya 21, chavua huharibika, ua linakauka kwenye kishingo chake na kuanguka. Usiku wetu wa Machi hukaa kwenye nyuzi 25. Ndani ya plastiki saa saba mchana hupita 40 bila shida. Ingia na kipimajoto uone, na uingie umekunywa maji. Utakuwa na miche mirefu, mizuri, ya kijani kibichi, inayopendeza kwenye picha, na vitunda vya kuhesabika.

Lililo baya zaidi liko ardhini. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria unapenda joto na unyevu, na hukaa udongoni miaka. Kwenye shamba la wazi ukiupata unahamia upande mwingine na kupanda mahindi pale palipougua. Grinihausi haihami. Na zao linalofikiriwa kulipa deni lake ni tungule au pilipili hoho, zote za ukoo mmoja, zote hufa kwa ugonjwa uleule. Biringanya naye ni ndugu yao.

Niliwahi kuitwa na kikundi cha vijana waliofadhiliwa grinihausi, sitasema na nani. Miche kama 300 ilikuwa imefika kiunoni. Mmoja wao akaniambia tangu Jumatatu michache inalala mchana na kuamka jioni, wakadhani ni kiu, wakazidisha maji. Nilikata shina la mche mmoja karibu na ardhi, nikaomba glasi ya maji safi, nikalining'iniza lile shina ncha yake ikiwa ndani ya maji. Tulingoja tukinyamaza. Haikupita dakika tano, kikaanza kushuka kitu cheupe kutoka kwenye shina, nyuzinyuzi, kama moshi wa udi lakini unaoshuka badala ya kupanda. Yule kijana akauliza, "Hiyo ni dawa yake inatoka?" Nikamwambia ndio wenyewe bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza ikaponya hilo. Wiki ya tatu baadaye walikuwa wameng'oa karibu yote, na nilipopita mwaka uliofuata, vile vyuma vilikuwa vimeanikwa nguo za watoto. Si mahali pamoja nilipoona nguo juu ya vyuma vya aina hiyo.

Piga na hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 15 ni mita za mraba 120, ndogo kuliko viwanja vingi vya nyumba mjini, na inabeba miche kama 300. Karatasi za wauzaji huahidi kilo 15 kwa mche. Hiyo ni kilo 4,500, na kwa shilingi 60 kwa kilo unapata 270,000 kwa msimu mmoja. Ndiyo maana karatasi ile husomwa mara mbili mbili. Kwa joto letu, mche ukikupa kilo nne mimi nitakupa mkono wa hongera. Hiyo ni kilo 1,200. Na bei hutoiweka wewe: malori ya Taveta na Loitokitok yakiingia pamoja, kilo huenda kwa 40 au chini ya hapo, na mahoteli ya wageni yanayolipa vizuri hupunguza kazi au kufunga kabisa Aprili hadi Juni. Toa mbegu, samadi, uzi, dawa, boda. Plastiki yenyewe jua na upepo wa chumvi huila kwa miaka mitatu minne, ukatakiwa ununue nyingine. Mwambie kijana aandike hesabu hizo mwenyewe, kwa bei alizouliza sokoni mwenyewe. Asipotaka kuziandika, hapo umejifunza jambo kumhusu.

Kama anataka mno kufunika kitu, neti ya kivuli juu ya nguzo za mkandaa au mkoko uliokatwa kihalali hufaa pwani kuliko plastiki, kwa sababu inapunguza jua na kupitisha upepo. Hiyo nayo ni ya baadaye.

Mbegu. Hapa nitaenda haraka kidogo kwa lililo wazi, nitulie kwa lisilo wazi. Mbegu za haibridi na GMO ni vitu viwili. Haibridi ni ndoa. Wazalishaji huchukua ukoo mmoja wa mahindi wakauzalisha wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa hadi mimea yote ifanane, ingawa inadhoofika, wakafanya vivyo hivyo kwa ukoo wa pili, kisha wakawaoza. Mtoto wa kwanza hutoka na nguvu kuwashinda wazazi wote wawili. Nguvu hiyo haivuki kizazi. Ukitunza punje zake ukazipanda, sifa za mababu zinatawanyika shambani: mmoja mrefu, mmoja kibeti, mmoja gunzi tupu. Mahindi ya PH1 na PH4 yanayouzwa hapa ni haibridi zilizozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mtwapa, kwa ajili ya joto letu. Si ya ng'ambo wala si ya maabara za siri. Ni ya jirani.

GMO ni mmea ulioingiziwa jeni maabarani, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine. Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na tangu hapo mambo yamekuwa yakivutana mahakamani. Zao la GMO lililoidhinishwa kupandwa kibiashara na wakulima wetu ni pamba ya Bt, iliyotiwa jeni ya bakteria ili ijikinge na viwavi, mwisho wa 2019, na hilo linawahusu zaidi wenzetu wa Lamu wanaolima pamba kuliko wewe. Kwa hiyo pakiti ya mahindi au tungule unayonunua kwenye duka lenye leseni si GMO. Na kuhusu kutozaa: Wamarekani wamekuwa wakila mazao ya GMO tangu miaka ya 1990, na wanazaa. Sijaona ushahidi wa kuaminika wa kinyume.

Kipande cha ukweli walichonacho majirani ni hiki. Ukiingia kwenye haibridi umeingia kununua kila msimu, na mwaka ambao mvua ya masika imekudanganya utajuta pesa hiyo. Mahindi yetu ya asili, kina Mengawa na Mdzihana, hutoa kidogo lakini mbegu yake unaitunza juu ya dari ya jiko, na maganda yake hubana gunzi hadi nchani hata fukusi akapata taabu kuingia. Mimi nawaambia watu wasiitupe. Pandeni haibridi pale penye maji ya uhakika, na ya asili pale mnapomtegemea Mungu na mawingu. Na kama majirani wanataka kitu cha kuogopa kwenye tungule, waogope ile iliyopuliziwa dawa jana ikavunwa leo. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi. Hatari hiyo ni ya kweli, na inatoka kwa mkono wa mtu, haikuja na mbegu.

"Kuua ardhi" nalo lina nusu ya ukweli. Mchanga wetu haushiki kitu. Tia mbolea leo, mvua kubwa kesho, na nusu yake imeshuka mahali mizizi haifiki. Mkulima anaona mahindi ya manjano, anasema mbolea imeua udongo, anazidisha. Kutia mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka bila samadi huongeza ukali (asidi) wa udongo. Lakini usikimbilie chokaa ya kupunguza ukali huo kwa sababu mtu wa bara alikwambia. Karibu na bahari udongo mwingi umekaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa yenyewe. Unaweza kuwa unatia sukari kwenye asali. Kwenye udongo wa aina hiyo hata urea ikiachwa juu bila kufukiwa hupotea hewani kwa joto. Pimeni kwanza. Samadi iliyooza vizuri, kwa upande wenu, naiamini kuliko mfuko wowote.

Sasa kisima, ambacho umekitaja kwa maneno matatu tu, na mimi ndicho nilichokifikiria usiku mzima.

Karibu na bahari, maji matamu hayajajaa ardhini hadi chini. Yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Watu wa Lamu wanalijua hili kwa sababu maji ya mji wao hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na ugomvi wa kujenga juu ya vilima vile ni ugomvi wa kisima. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama futi 40 chini yake. Ukigeuza hesabu hiyo utaona hatari: pampu ikishusha maji ya kisima futi moja na kuyaweka hapo muda mrefu, chumvi inaweza kupanda kuelekea kisimani futi 40. Ndiyo maana kisima kilichomnywesha nyanya yake miaka hamsini kwa ndoo na kamba kinaweza kuharibika miezi miwili baada ya kufungwa pampu kubwa. Ndoo haikuwahi kukipa muda wa kuharibika.

Robo ekari ya mboga iliyokomaa, wakati wa jua la kaskazi, hunywa milimita tano kwa siku. Hiyo ni lita 5,000, madumu 250 ya lita ishirini, kila siku. Je, kisima chenu kinaweza? Hakuna anayejua mpaka kipimwe, na si Juni baada ya masika kikiwa kimejaa. Kipimwe mwisho wa Februari au Machi, kikiwa kimechoka. Kipimo cha chumvi husomwa kwa desisimensi kwa mita. Vitunguu huanza kupunguza mazao maji yakizidi 0.8. Tungule huvumilia hadi 1.7 hivi. Yakiwa tatu na zaidi, mboga nyingi zisahauni, mfikirie minazi na malisho.

Ikionekana maji ni mazuri, hapo ndipo teknolojia aliyoiona kijana kwenye simu inaanza kuwa na maana, na iliyo muhimu kuliko zote ndiyo isiyopigwa picha sana: pampu ndogo ya sola inayovuta polepole kutwa nzima, tangi lililoinuliwa, na mipira ya dripu kwenye robo ekari ya wazi. Pampu ndogo haikishtui kisima. Dripu haipotezi maji kwenye mchanga. Lakini maji yetu yana chokaa, na baada ya miezi michache vitundu vya mpira huota ukoko mweupe, mstari wa mwisho ukaanza kunyauka mtu akadhani ni ugonjwa. Kichujio kisafishwe kila wiki na ncha za mipira zifunguliwe maji yatoke kwa kasi. Ukoko ukishaota, huondolewa kwa tindikali hafifu, kazi ambayo mara ya kwanza ifanywe na anayeijua.

Kijana aliyewahi kuzibua vitundu hivyo akiwa amepiga magoti saa nane mchana hatamdanganya babake tena kwamba kilimo cha sasa hakina jasho. Na mzee akiona maji yanadondoka yenyewe miguuni mwa miche huku mtoto ameketi anaandika kwenye daftari, naye atakuwa na la kufikiri. Si mbali na hapo penu, Ngomeni, Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967. Mwaka 2023 Kenya ikapata setilaiti yake, Taifa-1, na kazi yake mojawapo ilikuwa kutazama mashamba. Teknolojia kupita juu ya vichwa vya watu wa Magarini si jambo geni. Geni ni ile inayoshuka ikafika kwenye mstari wa kunde.

Kwa pesa zako, basi, ningefanya hivi. Sehemu kubwa iwe karo. Kipande kidogo kipime maji na udongo. Likizo ya kwanza kijana aje na robo ya robo ekari, akamwagilie kwa dumu ikibidi, apande mchicha na kunde, auze mwenyewe. Pampu na mipira vije mwaka wa pili, na kwa mkopo visije kabisa. Kabla ya kuchimbia nguzo yoyote, kaeni na wajomba na mashangazi. Umesema ni ekari ya nyanya yake. Hati iko kwa jina la nani? Shamba la urithi lisilogawanywa huwa halina mwenyewe mpaka siku litakapoanza kutoa pesa. Hili si langu kulitatua. Nendeni kwa chifu na afisi ya ardhi, na kama kuna mvutano, kwa wakili.

Mambo mengine pia hayatatuliki kwa maandishi. Miche ikianza kulala mchana na kuamka jioni, usinunue dawa, mwite afisa wa kilimo wa wadi aione. Aliyepuliza dawa akapata kizunguzungu, kutapika, jasho jingi au kuona ukungu, akimbizwe hospitali na chupa ya dawa ibebwe, daktari asome jina. Na mazungumzo na mumeo, kama yamefika pa kutosemeshana, mtafuteni mtu anayemheshimu, aje aketi naye bila wewe wala kijana kuwepo.

Kituo cha Mtwapa na maafisa wa kaunti watakuelekeza pa kupimia maji. Lita moja inatosha. Chupa iwe ya maji ya kunywa, isiwe ya soda, na isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima kabla ya kujazwa hadi kwenye kifuniko. Vuteni ndoo kumi kwanza mzimwage, ile ya kumi na moja ndiyo ya kupeleka.